Pagazi Hafungui Mzigo

Saa tisa alasiri kamati ya shule ingekuja kuzitazama zile kompyuta tisa. Zikiwa bado hazifanyi kazi, chumba zilimokaa kingejazwa magunia ya mahindi, na mwalimu wa kompyuta, mama aliyekipigania kwa miaka, alijua hatakipata tena.

Dawa nilikuwa nayo mimi, ndani ya diski niliyoifunga kwenye kanga kuukuu. Kompyuta zile zinatumia mfumo huria, na programu zake hukaa kwenye ghala la mtandaoni, kila moja katika kifurushi chake. Mtandao wa pale shuleni haukuweza kuvuta hata robo ya ghala hilo. Kwa hiyo rafiki yangu mwenye steshenari mtaa wa Kanyenye hulipakua lote mjini, akaliweka kwenye diski, nami hulibeba kwa pikipiki kuelekea magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara. Tangu nimalize kidato cha nne nimehangaika nchi nzima, na kazi hii ndiyo pekee iliyowahi kunituliza. Babu wa babu yangu, pagazi wa misafara hiyo, alipita hapohapo na pembe ya ndovu begani.

Mwenyekiti wa kamati alitangulia wenzake, akaketi mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia umetuletea vifurushi. Vya wiki au vya mwezi?"

Alidhani ni vya simu, au alijifanya. Mwalimu hakucheka.

Nikachomeka diski. Kompyuta ya kwanza ikasoma, ikasita, ikakataa: orodha ya vifurushi hailingani na muhuri wake, ile alama inayothibitisha kwamba haijaguswa. Ya pili ikasema hivyohivyo. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Ilazimishe," mwalimu alininong'oneza. "Si kuna namna ya kuiambia isikague?"

Namna ipo, na vidole vyangu vilishaanza kuiandika. Lakini kompyuta ikizoea kutokagua, kesho itapokea chochote kutoka kwa yeyote. Nikampigia rafiki yangu.

"Umefungua mzigo?" akauliza.

"Hapana."

"Kaka, nakuuliza tena."

Ndipo nikakumbuka. Jana yake, nilipopumzika njiani, nilichomeka diski kwenye kompyuta yangu ndogo, nikatia ndani mchezo wa bao na kuuandika kwenye orodha kwa mkono wangu. Nilitaka wanafunzi wacheze tulichocheza kwetu Itetemia tukiwa wadogo. Nikamwambia.

"Mnyamwezi gani wewe, unafungua mzigo njiani?"

Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara ile. Nyumbani tulifundishwa kwamba pagazi hafungui mzigo. Akiufungua, hata kwa wema, anayepokea hajui tena anapokea nini.

"Usizime ukaguzi," akasema. "Nakutumia orodha ya awali peke yake. Ni ndogo, hata simu yako itaimeza."

Simu ilishika intaneti juu ya msingi wa tangi la maji tu. Nikapanda. Orodha ikaingia kidogokidogo, ikakatika, ikaanza upya. Chini yangu mwalimu alisimama na saa mkononi. Ilipofika yote ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Nikashuka, nikaiweka kwenye diski mahali pa ile niliyoigusa. Kompyuta ya kwanza ikalinganisha muhuri, ikakubali, ikaanza kupakia. Bao likabaki nje, maana halimo kwenye orodha.

Kamati ilipoingia, sita zilikuwa zinafanya kazi.

"Na hizi tatu?" mwenyekiti akauliza.

"Zinafuata, mzee," mwalimu akajibu.

"Kilichochelewesha ni nini?"

Ningeweza kuusingizia mtandao. Nikamwambia nilifungua mzigo.

"Mahindi yatafutiwe pengine," akawaambia wenzake. "Ila huyu akija tena, mzigo wake ukaguliwe kwanza."

Siku hizi orodha hutangulia kwa simu, moja kwa moja kwa mwalimu, na diski hufuata nami. Nikifika hunisalimu, kisha hunyoosha mkono aichukue diski akailinganishe na orodha yake. Maji ya kunywa huja baadaye.