Bolo la Mkono wa Kushoto

Nyumba yangu ilijaa mapanga, na kelele nilipiga mpaka nikachoka. Mume wangu Gario ni kinyozi. Akisikia kuna bolo la zamani, panga la kwetu Ufilipino, mahali popote katika milima ya jimbo la Antique, anafunga duka, anaondoka.

"Wee Gario, jioni tutakula vyuma?" namuuliza mbele ya wateja.

"Chemsha tu, Luming, vitalainika."

Uzuri wa nakshi hakuujali. Akipewa bolo, kwanza analichomoa kwenye ala, anatazama makali. Mabolo yetu hunolewa upande mmoja, upande wa pili bapa, kwa hiyo la mtu wa shoto hujulikana papo hapo. Kaka yake Isko alikuwa wa shoto. Aliingia msituni kupigana na Wajapani, kiunoni ana bolo alilofuliwa na baba yao, ala ya mfenesi imechongwa kaa mdogo mdomoni. Hakurudi.

Kila Siku ya Wafu tuliwasha mishumaa makaburini. Mama mkwe wangu, Nanay Puring, alikataa katakata kumwashia Isko.

"Mtu wa huku haachani na bolo lake akiwa hai," alisema. "Nileteeni bolo, nitawasha."

Sasa alikuwa kitandani, macho yamekwisha, na Gario aliogopa atakufa bado anamngoja mwanawe.

Tulilikuta mji wa Valderrama, jikoni kwa mama mmoja aliyekuwa akilipasulia nazi. Kaa yuleyule. Gario alilichomoa, akaligeuza, akalipeleka mlangoni penye mwanga.

"Luming, ona lilivyokwisha. Ona kipini kilivyobonyea, hapa kwenye dole gumba la kushoto. Vita haviwezi kula chuma hivi. Huu ni mkono mmoja, miaka na miaka."

"La marehemu mume wangu hilo," yule mama akasema. "Isko. Tumemzika kabla ya mvua, mimi na watoto wetu watatu. Aliniambia hana kwao."

Hana kwao! Na basi la asubuhi linakufikisha kwetu kabla ya chakula cha mchana. Nilitamani kutukana. Gario alikaa chini sakafuni, akalia, na yule mama, alipoelewa sisi ni nani, akalia naye. Bolo alitupatia yeye mwenyewe.

Njiani Gario akanishika mkono. "Tutamwambia Nanay alifia vitani. Nakuomba, mke wangu." Nikakubali, shingo upande.

Nanay alipapasa ala. Alipomfikia kaa, akamshika kwa vidole viwili. "Ndilo."

"Alifia msituni, Nanay," Gario akasema. "Mwaka uleule alioondoka."

Nanay alilivuta bolo taratibu kutoka alani, akapitisha dole gumba ubapani, toka kipini hadi ncha, akarudia tena. Mke wa mfua vyuma yule, mabolo ameyanoa maisha yake yote.

"Baba yenu alilifanya pana, Gario. Nani amelinoa likaisha hivi, kwa kushoto?"

Gario akainamisha kichwa. Ikabidi niseme mimi. "Ni yeye, Nanay. Alikuwa Valderrama. Ameacha mke na watoto watatu."

Nanay alilirudisha bolo alani, akalilaza mapajani. Gario akaenda kuchukua mshumaa, akausogeza mkononi mwa mama yake.

"Uweke kando," Nanay akasema. "Kesho nitamwashia. Miaka yote hii nimemlilia, sijapata hata siku moja ya kumkasirikia. Nipeni hii ya leo."

Tukatoka, tukamfungia mlango.