Mpira wa Matone Kwenye Matuta ya Mama

Kiangazi kile Mama alianguka na ndoo ya maji kwenye njia ya kutoka kijitoni. Hakuvunjika, alichubuka kiwiko tu. Lakini kaka yangu, anayelima mpunga kule bondeni Mtowisa, akapiga simu siku hiyohiyo: mama wa umri ule hawezi kuishi peke yake akibeba maji, atakuja kumchukua akakae naye. Mama akasema hatoki. Mtowisa kuna joto na mbu, na nyumba yake ya huku Mollo ndiyo aliyoijenga na marehemu Baba. Nikamwambia kaka asubiri, dawa ninayo.

Mimi ni mwalimu, nafundisha mjini Sumbawanga, na ubaya wangu ni kwamba nikishajua jambo nalijua kuliko wote. Kilichompeleka Mama kijitoni asubuhi na jioni ni bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba. Nikamwekea umwagiliaji wa matone: pipa juu ya kichanja cha miti, koki, na mipira myembamba yenye vitundu, mistari minane. Pipa lilijazwa kwa mpira kutoka bomba la jirani. Yeye kazi yake iwe kufungua koki, basi.

Tatizo likawa intumba, yale matuta yetu. Sisi Wafipa tangu zamani hatupendi kupanda tambarare. Tunakata majani, tunayafukia chini ya matuta ya mviringo yaozee humo, ndipo tunapanda. Mama alikuwa ameyainua yake mwishoni mwa masika, moja moja, kwa mikono yake. Mpira wa matone unataka ardhi iliyosawazishwa. Nikachukua jembe.

"Majani hayajaoza," akasema, amesimama mlangoni.

"Mama, maji hayapandi mlima."

"Mimi huwa nayapandisha."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka nikaendelea kusawazisha, na kila jembe lilipozama liliibua majani meusi yaliyooza nusu, yananuka. Mama akayaokota, akayakusanya kwenye kanga yake na kwenda kuyamwaga pembeni ya ua.

Jirani alipoona mipira na lile pipa huko juu akauliza kama bustani imelazwa, mbona imetundikiwa dripu. Tukacheka sote, isipokuwa mwenye bustani.

Na ikafanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Chainizi na figiri zilistawi Agosti nzima, upepo wa huku ukivuma, na Mama hakugusa ndoo. Nilipiga picha nikamtumia kaka. Kila Jumamosi nilipokwenda nilimkuta amekaa mkekani juani. Nikafurahi, nikasema anapumzika. Wenzake aliokuwa akiteremka nao kijitoni walikuwa wakimwita wakipita. Baada ya muda wakawa wanapita bila kuita. Septemba nilimkuta bado mkekani, lakini ndani. Oktoba ikabidi nimshike kwapani ndipo asimame. Miguu ile ilikuwa ikishuka na kupanda kilima mara mbili kwa siku miaka yote, mimi nikaisimamisha siku moja, kama mtu anayezima redio. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu, wakaniambia atembeetembee. Atembee kwenda wapi? Maji nilishamletea nyumbani.

Kaka alipanda kutoka Mtowisa kabla mvua hazijaharibu barabara. Alimkuta Mama hawezi kufika chooni peke yake. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza. Akasema tu, "Umeona mwenyewe, dada." Nikaingia ndani kufunga nguo za Mama.

Tulimbeba hadi kwenye gari, hakuwa mzito hata kidogo. Nikamfunika blanketi miguuni, nikamwekea fungu la chainizi za bustani yake kwenye kikapu, naye akazitazama kama mboga za sokoni. Kisha akanishika mkono. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

"Mwanangu, nilikwambia lini kwamba nimechoka?"

Hakuwahi kuniambia. Wala mimi sikuwahi kumwuliza.