Njomba Asiyebeba

Kwa Baba Rose, pale Mkunya, usingeona kitu kilichobebwa. Kila kitu kiliburutwa. Madumu ya maji yaliburutwa juu ya ubao uliofungwa kamba. Viroba vya mihogo viliburutwa. Hata jiwe la kukalia mlangoni lilifika hapo kwa kuburutwa. Uwanja wake ulikuwa na mifereji kama umelimwa kwa jembe la ng'ombe, na Mkunya ng'ombe mwenyewe ni wa kuhesabu. Watu walimwita mvivu. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikamwita Reli ya Kati, na jina likashika mpaka kwa watoto wa shule. Nalisema hili mapema kabla halijasemwa na mwingine.

Jina lake ni Fortunatus Chilumba. Alikwenda vita vya Kagera ana miaka ishirini na minane, akarudi mwaka sabini na tisa, kijiji kikampokea kwa ngoma. Baada ya hapo kijiji kikaanza kumsema.

Mwaka tisini na nne alikuja kwangu Newala mjini na barua. Nilikuwa nikiwaandikia watu barua kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja. Kabla ya hapo nilisomea stashahada ya uhasibu. Serikali iliposema wanafunzi sasa wachangie gharama, mimi nilichangia kwa kurudi nyumbani. Soko lilikuwa limeshafunguliwa: wanunuzi wa korosho waliingia na malori yao, mitumba ilimwagwa chini kama majani, nami na taipureta ya kuazima nilikuwa sekta binafsi.

"Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba. Nisomee hii. Rose amenisomea, lakini alisoma mbiombio. Nadhani alinionea huruma."

Nikamsomea polepole. Ombi lake la mafao ya askari aliyeumia vitani limekataliwa. Picha ya eksirei inaonyesha pingili mbili za mgongo zilivunjika zamani, hilo halina ubishi. Lakini hospitali ina kumbukumbu kwamba alianguka kutoka mkoroshoni mwaka 1982. Zaidi ya hapo, cheti chake cha kuagwa jeshini kinasema: afya njema, hana malalamiko. Asiporidhika, akate rufaa. Kamati itakaa Masasi.

"Ulianguka kweli?"

"Nilianguka. Mgongo ulikuwa umeshakufa. Handaki lilituporomokea kule mpakani, gogo likanilalia hapa. Miaka mitatu baadaye nikapanda mkorosho kupunguza matawi, mgongo ukakataa ukiwa juu."

"Na hii 'hana malalamiko' nani aliandika?"

"Aliandika karani. Niliyesema ni mimi."

"Ulisema huna maumivu?"

"Walisema mwenye maumivu abaki hospitali. Nikasema sina. Nilikuwa na haraka."

"Baba Rose, wewe umejishitaki, umejitolea ushahidi, na umejifunga. Umewabakizia kazi gani?"

Hakucheka. Alitazama barabara. Kilichokuwa mbele yake nilikijua, maana kila mtu alikijua: mikorosho yake ya Chilangala, aliyoachiwa na wazee, ilikuwa imemezwa na vichaka kwa kukosa mtu wa kuipalilia. Mnunuzi mmoja alishakuja mara mbili kutaka kuinunua, shamba zima. Rufaa ikianguka, angeuza.

"Tunahitaji mtu mmoja tu," nikamwambia. "Mtu aliyekuona huwezi kubeba kabla ya mwaka themanini na mbili. Wenzako wa handakini?"

"Tulikuwa watatu. Wawili walibaki mle mle." Kisha akasema, kama mtu anayeng'oa mwiba, "Yupo Gasper."

Hapo nikaelewa, na asiye wa huku inabidi aelezwe. Kwetu mtoto akitoka jandoni hakanyagi chini. Anabebwa mabegani na njomba wake, kaka wa mama yake, kutoka porini hadi uwanjani ambako akina mama wanangoja na unga na vigelegele. Mama naye humtandikia mbebaji kipande kipya cha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, begani. Gasper, mtoto wa dada yake Baba Rose, alitoka jandoni mwaka huo huo wa sabini na tisa. Njomba alikuwa mmoja tu, shujaa aliyetoka vitani wiki moja kabla. Watoto kumi na mmoja walitoka juu ya mabega. Gasper alitoka kwa miguu.

Hadithi hiyo nililelewa nayo. Tuliambiwa njomba alirudi na kiburi cha jeshi, akaona kubeba mtoto ni kujishusha. Mama Gasper, Veridiana, tangu siku hiyo alimpa kaka yake salamu tu. Miaka kumi na mitano, salamu tu.

Nikaandika rufaa. Siku ya kwenda Masasi tulipanda lori la korosho: Baba Rose, mimi, Gasper ambaye sasa ni fundi wa baiskeli mwenye mabega kama mlango, na Veridiana na kapu la mihogo ya kuchemsha.

"Namsindikiza mwanangu," alisema, kabla hatujauliza.

Tulikaa juu ya magunia. Baba Rose hakukaa. Alisimama, kashika chuma cha lori kwa mikono miwili, na kila tuliporuka shimo alifumba macho.

"Baba Rose, unakagua gwaride?" nikamtania.

"Nikikaa sitainuka," alisema.

Alisimama hivyo kutoka Newala mpaka Masasi. Utani wangu uliobaki nikaurudisha mfukoni.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye feni isiyozunguka. Mwenyekiti, Bwana Jonathan, alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kushoto kwake daktari, kulia kwake dada mwandishi.

"Mzee Chilumba, cheti kinasema huna malalamiko. Kwa nini ulisema hivyo?"

"Nilikuwa na haraka, Mwenyekiti."

"Haraka ya nini?"

Baba Rose akainamisha kichwa. Nilimkanyaga mguu chini ya benchi. Akausogeza mguu pembeni.

Akaitwa Gasper. Alitoa cheti chake cha kumaliza darasa la saba mwaka 1984, akaeleza kwamba alitoka jandoni akiwa darasa la pili. Mwenyekiti akahesabu kwa vidole, akaridhika: sabini na tisa.

"Vizuri. Sasa tueleze, kule jandoni, siku ya kutoka, njomba wako alishindwaje kukubeba?"

Gasper akamtazama mama yake. Akamtazama dada mwandishi.

"Jibu, kijana."

"Ya kule hayasemwi mbele ya akina mama."

"Hii ni kamati, si kijiweni."

"Naelewa, Mwenyekiti. Hayasemwi."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Niliiona mikorosho ya Chilangala ikiondoka, mti mmoja mmoja. Hapo pia ndipo nilipong'amua kitu: Gasper anajua kilichomshinda njomba. Ameyajua miaka yote kumi na mitano, na hakuweza kumwambia hata mama yake, kwa sababu yalitokea mahali ambapo mambo hayatoki. Na njomba naye vivyo hivyo. Wanaume wawili wamelala na jibu moja, na mwanamke mmoja amelala na kinyongo.

Nyuma yetu benchi likalia. Veridiana alikuwa amesimama, kapu mkononi.

"Ya porini ni yao," alisema. "Ya uwanjani ni yangu. Mimi nilikuwepo."

"Wewe ni nani, mama?"

"Mama yake huyu. Dada yake yule."

"Hukuandikwa shahidi."

"Hakuna aliyeniuliza."

Daktari akatabasamu kidogo, Mwenyekiti akampa ishara aseme.

"Walitoka wamebebwa, wote. Wangu akaja wa mwisho, kwa miguu, ana udongo magotini. Nilitaka ardhi inimeze. Kaka yangu alikuja nyuma yake, peke yake, anatembea hivi." Akaweka kapu chini. Akainama, mikono miwili juu ya magoti, akapiga hatua mbili fupi, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. "Nikasema, huyu kanifedhehesha, na bado kalewa."

Daktari akaacha kuandika. "Mama, rudia. Mikono aliiweka wapi?"

Akarudia. Mikono juu ya magoti, mgongo umepinda, hatua fupi. Safari hii hakumaliza. Alibaki pale pale katikati ya ukumbi, ameinama ndani ya maumivu ya kaka yake, na nikaona usoni mwake kwamba ameyafahamu. Hakuna aliyemwambia. Mwili wake wenyewe ndio uliomwambia.

"Mlevi hatembei hivyo," daktari alisema taratibu.

"Hatembei hivyo," Veridiana akaitikia.

Mwenyekiti akamgeukia Baba Rose tena, sauti imeshuka. "Mzee. Haraka ilikuwa ya nini?"

"Ya huyo mtoto," alisema Baba Rose. "Wangenilaza hospitali, na jando lilikuwa linatoka. Njomba nilikuwa mmoja."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimemtania padri akiwa anazika. Siku hiyo nilimshika Baba Rose kiwiko, basi.

Mwenyekiti alisema jibu litakuja kwa barua. Kurudi, Veridiana alipanga magunia mawili yakawa marefu kama kiegemeo cha kiti, akampigapiga mgongoni kaka yake. "Egemea, usikae," alimwambia. Hilo lilikuwa la kwanza baada ya salamu.

Tulipofika Mkunya aliingia ndani kwake, tukasikia sanduku likivutwa. Alitoka na kipande cha marekani, kimekunjwa, kimekuwa cha manjano kwenye mikunjo. Mwaka sabini na tisa nguo ilikuwa ya kupanga foleni. Kile alikipangia siku mbili kwenye duka la ushirika. Masasi tulikuwa tumepita kando ya vitambaa vipya vimerundikwa hadi dirishani, hata hakuvitazama.

"Kilikuwa chako," alisema. Akamtandikia begani.

"Sikubeba, Veridiana."

"Ulikuja."

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Nilipanda nayo Mkunya mwenyewe. Baba Rose alikuwa akiburuta dumu, nikamwachia afike nalo mlangoni bila utani, maana nimejifunza.

"Rufaa imekubaliwa," nikasoma. "Kamati imeridhika kwamba mwombaji aliumia vitani mwaka 1979."

"Mwaka wameandika?"

"Wameandika, na muhuri juu yake."

Akanirudishia bahasha aliyokuwa ameishika kabla sijafika kwenye mafao, yale yaliyotupeleka Masasi.

"Nenda kamsomee dada yangu kwanza," alisema. "Anza na mwaka."