Waya Uliotoweka Majini

Waya ulipasuka paa! mbele ya macho yangu, ukatoweka.

Nikachungulia kwenye jagi la kioo. Chini hamna kitu.

Mimi ni mtu mwenye wajukuu, nasoma ufundi madarasa ya jioni. Darasa zima wananiita Shangazi.

Mtihani ulikuwa huu: tengeneza unga laini kuliko vumbi kutokana na waya wa tungsteni, ile metali ya ndani ya balbu. Haisagiki, wala haiyeyuki kirahisi. Dawa yake ni umeme. Unaukusanya kwenye kapasita, unauachia kwa mpigo mmoja, waya unageuka mvuke humo humo majini. Mvuke ukipoa ghafla, unakuwa chembe.

Wangu haukuwa chochote. Kila nikilipua, maji yanageuka kijivu kama ya kuoshea masufuria. Nayaacha yatulie, unga hautui. Namwaga, naanza upya.

"Shangazi, umeuroga huo waya?" akauliza fundi wa kuchomelea, mwenzangu wa meza.

"Niache, mwanangu. Niko kwenye maombi."

Na kweli nilikuwa naomba. Bwana, shusha unga. Nikifeli hapa hakuna kurudia, na kwa umri huu nani atanipokea tena?

Nikalipua waya wa mwisho. Nikasubiri mpaka wenzangu wakaanza kufunga mikoba. Chini, peupe.

Nikamwaga kwenye sinki, nikaketi sakafuni nikalia.

Mwalimu akaja. "Maji yako yako wapi?"

"Nimeyamwaga. Yalikuwa machafu tu, unga haukutua."

Akanitazama kama mtu aliyenikuta msibani. "Mama, kinachotua ni mchanga. Chembe ndogo namna ile hazizami. Ule uchafu ndio unga wenyewe."

Kumbe kila mara nilikuwa nimefaulu.

Nikajipenyeza chini ya sinki, nikafungua ile kona ya bomba inayobakiza maji. Mengine yakanilowesha, mengine nikayakinga kwa kikombe. Mwalimu akamulika tochi. Mwanga ukasimama ndani ya maji kama uzi: chembe zilikuwamo, zinaelea.

"Maji ya sinki siyapi alama," akasema taratibu. "Ila nimeona. Kesho nitakutafutia waya mmoja."

Ndugu yangu, nilimlilia Mungu, naye alishajibu. Jibu nikalimwaga kwa mkono wangu, kwa sababu nilishampangia mahali pa kuliweka.

Ukishaomba, tazama tena kabla hujamwaga.