Herufi Zisizosomwa

Katika klabu yetu ya Kiingereza pale Keshero, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa maneno magumu. Tulikutana Jumamosi kwenye sali, ule ukumbi wa parokia, na nilipenda jinsi watu wazima walivyogeuza shingo kunitazama.

Kisha akaja mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Kalengera aliyekulia Uganda. Siku yake ya kwanza nilikuwa nasoma kwa sauti, nikafika penye neno awry. Nikalisoma "auri," kama lilivyoandikwa. Akainua mkono.

"Samahani, mama. Wanasema 'arai.' Ni kitu kimeenda kombo."

Hakusema kwa dharau. Afadhali angedharau, ningejua pa kumshika. Tangu hapo shingo ziligeukia kwake.

Wiki nzima nilitafuta neno la kumkwamisha, nikapata quay. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunajua "ke," pale mashua zinapofungwa, lakini Waingereza wao hutamka "kii." Nikaliandika ubaoni. Akalitazama, akasema "kwei." Nilimsahihisha polepole, hata walioketi nyuma wasikie. Akacheka.

"Aksanti, mama. Ile sikuijua."

Furaha yangu haikufika hata nyumbani.

Baadaye binti yangu akaomba kwenda kujifunza Kiingereza kwa yule mwanamke.

"Si niko hapa?" nikamwuliza.

"Mama, weye unakasirikaka. Ule mama, hapana."

Nikamwacha aende. Sasa jioni tukichambua maharagi ananipima. Juzi alinionyesha neno subtle.

"B haisomwi, mama. Wanasema 'satol.' Ni kitu kisichoonekana haraka. Ule mama ndiye alinielezea."

Amejifunza hata kucheka kama yeye, kiganja mdomoni. Hilo liliniuma kuliko Kiingereza chote.

Jana mvua ilinyesha, yule mwanamke akamsindikiza binti yangu mpaka mlangoni petu. Nilimpa chai, kwani mgeni ni mgeni. Akanywa kidogo, akaniomba nimfundishe Kifaransa. Watoto wake wanamcheka akisoma barua za shule. Nilimwambia aje Jumanne, na nilisema kwa moyo mweupe.

Mvua ilipokatika, binti yangu alitoka naye hadi barabarani bila kuniaga. Niliwasikia wakicheka wawili nje ya ua. Nikasimama dirishani na vikombe mkononi, nikisubiri mtoto wangu arudi, na alikawia.