Mjomba alifuta jina la bibi wa Ireland, ndiyo maana nilizunguka miaka yote

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nimetembea mpaka ziwani na kurudi ili nipoe, sijapoa. Kwa hiyo naandika nikiwa na hasira hivi hivi. Ni ukweli mtupu, nimeficha tu majina ya ukoo kwa sababu hawa watu bado tunazikana.

Mama yangu ni mtoto wa Mzungu. Si siri, ukimwona tu unajua. Baba yake alikuwa mtu wa Ireland, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha pamba upande wa Asembo Bay enzi za mkoloni. Aliugua akarudishwa kwao Ireland, Mama akiwa bado anatambaa. Hakuonekana tena.

Dani, yaani bibi yangu mzaa mama, wakati huo alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Huyo mtoto ndiye Mjomba. Nitamrudia.

Mama sasa ni mzee, macho yanafifia. Aliniomba kitu kimoja: nimtafutie watu wa baba yake, awajue tu ni akina nani kabla hajaenda. Hakutaka pasipoti wala urithi, nasema mapema kwa sababu nawajua nyinyi.

Nilikuwa na jina moja. Patrick, na ukoo ambao kule Ireland ni kama Otieno hapa kwetu. Ukitafuta online unapata akina Patrick wengi kuliko omena, wale dagaa wa ziwani. Kila mtaalamu unayemuuliza anakurudishia swali: alitoka kijiji gani? Sasa ningejua kijiji ningekuja kwako kufanya nini?

Halafu sensa zao za zamani nyingi ziliteketea. Zimebaki mbili za mwanzo wa karne iliyopita.

Nikasema basi nianzie huku. Mama alibatizwa akiwa tayari msichana wa shule. Nimefika misheni, kitabu kinasema baba yake ni marehemu mume wa Dani. Mtu aliyekuwa kaburini kitambo kabla Mama hajazaliwa.

Karani akanicheka. "Si baba ndiyo huyu ameandikwa? Kwani unataka baba wangapi?"

Kwa mila ya Waluo yuko sawa. Mtoto wa mjane ni wa mwenye boma, hata kama mwenye boma alishaoza. Sikatai mila. Lakini hapo ilikuwa dead end.

Nikaenda kwa Mjomba, mwalimu mstaafu, msomi wa ukoo. Nikaenda tena na tena. Ananipa chai, anatikisa kichwa, hajui kitu. Siku moja akanituma Katito kwa mzee mmoja, eti alifanya kazi na yule Mzungu. Nimefika na jua lile, mzee ni fundi baiskeli, hajawahi kukanyaga kiwanda cha pamba maisha yake yote. Alinihurumia mpaka akaninunulia soda.

Jumapili moja niko kwa Mama, Kombewa, nailaani simu.

"Unatafuta nani?" akaniuliza.

"Patrick, Mama. Wamejaa."

"Si utafute mama yake."

"Mama yake anaitwa nani?"

Akaniangalia kama mjinga. "Si ni mimi."

Kwa wasiojua: kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa wanamtajia majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza kwa jina fulani, huyo ndiye amerudi, na mtoto anaitwa hivyo. Dani alitaja wafu wote wa boma, wapi. Yule Mzungu alipochoka na kelele akamtaja mama yake marehemu, Attracta. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

"Niliitwa Atrakta mpaka nikaanza shule," Mama akasema. "Kaka yangu ndiye alinipeleka. Akasema hiyo si jina, akaandika Beatrice. Kanisani pia."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unauliza jina ya baba."

Wakuu, nikaishika tena ile simu niliyokuwa nailaani.

Attracta ni mtakatifu wa sehemu ndogo sana ya Ireland, upande wa Sligo, na jina lake ni adimu nje ya huko. Nikarudi kwenye zile sensa mbili: mama Attracta, mtoto Patrick, ukoo ule ule. Ikatoka nyumba moja, kijiji kimoja. Nikawaandikia watu wa kijiji hicho, na mjukuu wa kaka yake Patrick akanijibu. Walijua alikuwa Afrika kwenye mashine za pamba, akarudi mgonjwa, akafa. Hawakujua aliacha binti.

Ilikuwa siku ya kufurahi. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Katito ulinituma ya nini?"

"Ndio uchoke." Akapuliza chai yake. "Mfu wa Wazungu hawezi kurudi kwa boma ya baba yangu. Watu wangesema nini?"

Mtu mzima. Mwalimu. Dada yake anazeeka bila kujua watu wake, yeye analinda heshima ya boma. Nilitoka kabla sijamvunjia heshima, na mpaka leo najuta kwamba sikumvunjia.

Desemba tunajengea kaburi la Dani, na majina ya watoto wake yatachongwa kwenye jiwe. Mama anataka Atrakta. Mjomba amesema jina hilo halitachongwa pale yeye akiwa hai.

Funzo: ukikwama, acha kumuuliza mzee kile unachotaka wewe, muulize anachokijua. Na fuata jina adimu, hata la mwanamke ambaye hukuwa unamtafuta. Akina Patrick watakumaliza.

Wanaojua mila waseme hapa chini, nani ana haki na jina la mtoto wa mjane? Wale wa "achana na ya kale", kuna nyuzi za mpira, nendeni huko.

Maneno ya Mjomba nilimfikishia Mama nikidhani atavunjika moyo. Alimaliza uji wake kwanza.

"Mwambie mimi ni mdogo kwake," akasema. "Nitangoja."