Kombe Alilochukua Baba

Juzi mke wa mwanangu alikuwa nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu na ganda la ndimu. Harufu ilipoingia dirishani nikamfokea mpaka kuku wakakimbia. Maskini, akaniuliza, "Mama, kwani nimefanya nini?" nami nikafunga dirisha. Ninyi nitawaambia, maana naamini hamtanikata kauli mseme mambo hayo yalishapita. Hayajapita.

Majivu na ndimu ndivyo baba alivyosafishia kombe lake kila Jumamosi. Alilipakata mapajani, akalisugua masikio yake mawili, tumbo, kisha kile kitako chenye majina, pole pole, huku mama akilalamika kwamba watoto hawaogeshwi hivyo.

Kombe lenyewe lilitoka Amerika. Padri mmoja wa huko, tuliyemwita Padri Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni hata akifundisha katekisimu, alilileta misheni ya Nyegina ndani ya sanduku la vitabu, miaka michache baada ya Uhuru. Wengi walidhani Wamarekani hawajui mpira wa miguu. Padri akasema wanaujua tangu zamani, na kwamba vibarua wa viwanda vya nguo waligombea kombe hilo kabla yeye hajazaliwa. Baba yake mzazi alikuwa golikipa wa kiwanda kimojawapo. Sheria ya kombe ilikuwa kwamba timu ikilichukua mara tatu mfululizo, linakuwa lake moja kwa moja. Timu ya baba yake ikalichukua mara tatu. Baadaye kiwanda kikafungwa, wachezaji wakatawanyika, golikipa akabaki nalo nyumbani, mkewe akalifanya kopo la kuwekea vifungo vya mashati. Padri alilirithi na vifungo vyake. Akaona aibu, akaja nalo kwetu ligombewe tena kwa sheria ile ile.

Baba aliipenda sana habari hiyo. "Wale warikuwa wanafuma pamba," alikuwa akisema, "sisi tunarima pamba. Kombe rimefuata pamba yake." Msimcheke, lugha ya nyumbani ndiyo iliyomfundisha ulimi. Naye pia alikuwa golikipa, wa timu ya Nyasura, na undugu wake na yule golikipa wa Amerika, ambaye hakumwona hata kwa picha, aliuamini kabisa.

Nyasura walilichukua mara ya kwanza, wakalichukua ya pili. Fainali ya tatu ilichezwa Nyegina, dhidi ya timu ya Murangi, wapinzani wetu wa kila mwaka. Nilikuwa mgongoni kwa shangazi, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa. Mechi iliishia kwa penalti, na ya mwisho baba aliipangua kwa kidole ambacho tangu siku hiyo kilielekea upande wake chenyewe. Padri alilipeleka kombe kwa fundi saa mjini Musoma, na chini ya majina ya Wamarekani fundi akachonga NYASURA mara tatu, na jina la baba chini yake. Timu ikampa baba alitunze, na Padri akarudi kwao, akiwa ameridhika.

Nilipokuwa darasa la tatu tukahamishiwa kwenye kijiji kipya, huko chini mbugani. Sisemi Ujamaa ulikuwa mbaya wote. Nilisoma bure, na kisima cha kijiji kilituondolea safari ndefu ya maji. Nasema habari za mtu mmoja. Tulimwita Katibu, na sisi watoto tulijua tu kwamba alitoka pande za Murangi, anavaa kaunda suti na hacheki. Siku tuliyoshuka kwenye lori, baba alikuwa amepakata kombe mbele ya watu wote, hakulificha. Katibu alilitazama muda mrefu, hata kutusalimia akasahau.

Wiki haikuisha akatuma mgambo. Vitu vyote vya vikundi vilitakiwa ofisini, na kombe, alisema, ni la kikundi. Baba akakataa. Akaeleza sheria ya mara tatu. Alieleza kwa mgambo, akaeleza ofisini, akaeleza mpaka akakauka koo. Ndipo ukaitishwa mkutano.

Katibu ninamwona mpaka leo, amesimama juu ya benchi, amelikumbatia kombe kwa mkono mmoja, kiganja kimefunika kitako. Watu wengi pale walitoka vitongoji vingine, na habari za fainali za Nyegina hawakuwa nazo. Akamgeukia baba.

"Jibu swali moja tu, mzee. Hili kombe ulilichukua, hukulichukua?"

"Niririchukua, ndiyo, na wenzangu, uwan..."

"Basi! Amekiri."

Baba alipofungua tena mdomo, mgambo akamwambia akae. Kukawa na minong'ono, na Katibu, ili kuwaridhisha watu, akaniita mimi. Mtoto wa shule hasemi uongo, alisema. Nikapita mbele na sketi yangu ya bluu, kifua mbele, maana hakuna kitu nilichokijua duniani kuliko hicho.

"Binti, waambie wananchi. Baba yako alilichukua kombe?"

"Alilichukua!" nikasema kwa sauti ya kuimbia bendera. Nikainua vidole. "Mara tatu!"

Mkutano ukalipuka kicheko. Katibu akamwambia karani, "Andika, mara tatu," na karani, mwanaharamu yule, akaandika. Walikuwepo wawili waliocheza beki mbele ya baba miaka yote mitatu. Wakainama wakatazama miguu yao. Na mimi niliyejua kusoma, niliyekaa na kombe lile kila Jumamosi, sikukumbuka kusema, "Toa mkono, tusome!"

Baba alifungiwa Bunda siku tatu. "Siku moja kwa kila mara," alisema Katibu, akijiona mcheshi. Kombe likakaa mezani kwake limejaa kalamu na mihuri, halafu siku moja akampa mgeni fulani kwa niaba ya vijana wa kijiji, na hatukuliona tena. Baba akawa "mwizi wa kombe". Huku kwetu mtu akisingiziwa kuiba ng'ombe, wapo watakaomheshimu kimoyomoyo, lakini kombe! Watoto wenzangu walikuwa wananiimbia, kombe-ng'ombe, kombe-ng'ombe, njia nzima ya kwenda shule.

Aliporudi kutoka Bunda alinikuta nyuma ya ghala nikilia. Nikamwambia nimemfunga. Akachuchumaa, akanishika kidevu kwa kile kidole chake kilichopinda. "Urisema kweri," akasema. "Usiniombe samahani kwa kweri." Nikadhani ananibembeleza tu. Nimekua, nimeolewa, nimezaa, na neno "kuchukua" nikawa nalikwepa. Hata mtoto nilimwambia alete, si achukue.

Baba alikuwa ameshakufa nilipomkuta Katibu kwenye harusi moja hapo Nyasura, amezeeka, ana mkongojo. Alinitambua yeye.

"Ebu, si binti wa golikipa wewe? Aisee, baba yako alitutesa! Nilikuwa winga wa Murangi mimi. Ile penalti ya mwisho niliipiga mimi. Kuchukua kombe mara tatu mfululizo, si mchezo!"

Wote mezani wakacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, nikaiweka chini. Nikainua vidole vitatu, kama siku ile.

"Rudia, mzee. Baba yangu alifanya nini?"

Akaangalia vidole. Uso ukamshuka. "Mambo ya zamani hayo, mama," akasema.

"Baba alilichukua," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni neno lilitoka bila kunikwama. "Wewe uliliiba." Nikaondoka bila kula.

Kumbe neno lile alilielewa kuliko sisi sote. Alilielewa akiwa juu ya benchi, kiganja kimefunika jina la baba. Miaka yote nilidhani ulimi wangu ndio uliomfunga baba, na sikuwa nimekosea hata neno moja.

Jioni nitamwomba mke wa mwanangu radhi, maana nilimwonea. Wa kumwomba radhi baba hakuja hata siku tulipomzika.